Niliahidi Lumpia

Nilipika nyama kwanza. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, na nililifanya kwa kujiamini kabisa, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mtu yeyote aliyekulia kwetu akipewa nyama ya kusaga na manda, mikono yake inajua la kufanya. Unakaanga nyama na kitunguu mpaka maji yakauke, unaonja chumvi, unaacha ipoe, ndipo unajaza. Sambusa ni hivyo. Kwa hiyo nilipoamua kujifunza lumpia, ile mikunjo myembamba ya kukaanga ambayo bila hiyo Mfilipino haoni kama kuna sherehe, sikuona haja ya kutazama video mpaka mwisho. Nilitazama jinsi wanavyokunja, nikaweka simu kando, nikapika nyama vizuri, nikajaza kila manda mpaka ikawa nene kama betri ya tochi, nikatumbukiza kwenye mafuta ya moto.

Zilipasuka zote. Nyama iliyoiva imeshakuwa punje punje, haina cha kuishikanisha, na punje zile zilitoka zikaelea, zikaungua, zikayageuza mafuta kuwa meusi. Mwenzangu wa chumbani, Mtanga mmoja anayefunga nondo kwenye majengo, alisimama mlangoni mwa jikoni na taulo begani, akachungulia sufuria.

"Kaka, hizo sambusa zimepata ajali?"

"Ni lumpia."

"Poleni wafiwa," akasema, akaenda kuoga.

Nilicheka, halafu alipofunga mlango nikakaa juu ya ndoo ya mchele. Mimi si mtu wa kuharibu chakula na kuendelea na maisha. Nikiharibu kitu nakirudia kichwani, nakihukumu, nakikatia rufaa na kukihukumu tena. Na safari hii nilikuwa nimeshatoa ahadi mbele ya watu.

Nafanya kazi Al Quoz, mtaa wa viwanda huku nchi za Waarabu, kwenye karakana ya mabango. Kazi yangu ni kukata stika: majina ya maduka ya kubandikwa kwenye vioo, namba za simu za kubandikwa kwenye magari. Karibu wenzangu wote ni Wafilipino. Tunaongea Kiingereza cha kuungaunga, Kiarabu kidogo cha kazini na maneno machache ya kwao, lakini hapa nitawaandika kwa Kiswahili kwa sababu hivyo ndivyo ninavyowasikia nikikumbuka.

Wana desturi moja ambayo ilinichanganya nilipofika. Kwetu, ukifikisha siku yako ya kuzaliwa, unakimbia. Marafiki wanakutafuta na ndoo za maji, na ukibahatika, mtu mwingine ananunua keki. Kwao, aliyezaliwa ndiye anayelisha. Anakuja kazini na matrei: tambi za kukaanga, wali, kuku, na lumpia zimepangwa kama kuni. Anaziweka kwenye ile meza ndefu tunayokatia, tukishaipangusa na kuitandika karatasi, na anasimama pembeni akiangalia watu wanavyokula. Mkubwa wetu upande wa michoro, mama mmoja mwenye miwani tunayemwita ate, yaani dada mkubwa, ndiye aliyenieleza. "Umepewa mwaka mwingine," alisema. "Kwa nini upewe na zawadi tena? Wewe ndiye wa kutoa."

Nilikuwa nimekula siku za kuzaliwa za watu wengi. Kila mara walinipa sahani kwanza. Walinipenda, na sisemi vinginevyo, lakini walinipenda kama anavyopendwa mgeni: anapewa kiti kizuri, anaulizwa kama pilipili si nyingi. Nilikuwa nimechoka kupewa sahani kwanza. Nilitaka kuwa mtu anayeweka chakula mezani na kurudi nyuma.

Halafu mchana mmoja, tukila, kiongozi wa mafundi wanaopandisha mabango akanigeukia. Huyu tunamwita kuya, kaka mkubwa. Ni mtu mfupi, mwenye mikono ya kubeba ngazi, na akitaniwa mtu, watu humwangalia yeye kwanza kama anacheka.

"Na wewe, kitinda mimba?" aliniuliza. "Zamu yako inakuja. Utatuletea kuku wa ndoo?"

Kuku wa ndoo ndiye anayeletwa na wasiojua kupika. Hakuna anayemkataa. Analiwa, ndoo inatupwa, na hakuna anayemzungumzia tena.

"Nitaleta lumpia," nikasema.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Meza ikalipuka.

"Mkenya ataleta lumpia!"

"Mkubwa, bima yetu ya afya bado inafanya kazi?"

Kuya alitafuna, akameza, akasema taratibu, "Sawa. Nitakuja bila kunywa chai, niwe na nafasi." Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

Baada ya ajali ile ya kwanza nilitazama video mpaka mwisho, na hapo ndipo nilipoona kwamba nyama inaingia mbichi. Nikatazama nyingine. Mbichi. Nikatafuta ya tatu nikitumaini huyo angalau amelelewa vizuri. Mbichi. Kwa mtu kama mimi hiyo haikuwa habari ya mapishi, ilikuwa kesi ya jinai. Nilijiona nikiwalisha watu wote wa karakana nyama mbichi, nikaona gari la wagonjwa limeegeshwa kati ya malori yetu, nikamwona arbab, tajiri mwenye karakana, akiulizwa na polisi ni nani aliyeleta chakula.

Kesho yake nikamwendea ate kwenye kompyuta yake.

"Ate, nyama inaingia mbichi?"

"Mbichi."

"Mbichi kabisa?"

"Unataka ivae suti kwanza?"

"Na inaiva?"

Akaacha kuchora. Akaninyooshea kidole chake cha mwisho. "Hii ndiyo sababu ni nyembamba. Ikiwa hivi, manda ikifika rangi, ndani kumeiva. Ikizidi hapa, nje kutaungua na ndani patakuwa na ng'ombe anayekuangalia. Hiyo ndiyo siri yote. Nyembamba."

Nilirudi kwenye mashine yangu nikihisi nimepewa kitu. Haikuwa bahati nasibu, kumbe. Ilikuwa kipimo, na vipimo ndiyo lugha yangu.

Kila Jumapili nikawa napika. Ate alikuwa ameniambia ya nguruwe ndiyo laini zaidi, lakini sufuria zetu ni za chumba kizima na Mtanga ni Mwislamu, kwa hiyo hilo sikulifikiria mara mbili. Nilitumia ng'ombe. Mara ya kwanza ilitoka ngumu na kavu. Ate akaniambia nimwombe mwenye bucha asitoe mafuta yote, na nichanganye na yai, karoti iliyokwaruzwa, kitunguu kilichokatwa vidogo vidogo mpaka nilie, kitunguu saumu na sosi ya soya. Nikafanya hivyo. Kabla ya kukunja nilikaanga donge dogo la mchanganyiko nionje chumvi, jambo ambalo nililigundua mwenyewe na nililijivunia kuliko inavyostahili.

Manda za lumpia zenyewe ni nyembamba kupita za sambusa. Zinauzwa zimegandishwa, zimeshikana kama karatasi zilizonyeshewa, na pakiti yangu ya kwanza ilichanika karibu yote. Niliichukia. Nilikuwa nashika pembe na kuivuta juu, na kila nilipovuta ilibaki na tundu. Kisha Jumapili moja, mikono yangu yenyewe, bila kuniuliza, ikafanya kama inavyofanya kazini. Stika nyembamba haivutwi juu. Unailaza nyuma, iende karibu sawa na meza, na unavuta polepole ukiacha ijiachie. Nikailaza manda nyuma. Ikatoka nzima. Nikatoa nyingine, nayo nzima. Nikazifunika kwa kitambaa chenye unyevu nikaendelea, na pakiti ilipokwisha bila hata moja kuchanika nilisimama katikati ya jiko letu dogo la Al Jaddaf nikanyoosha mikono juu kama mtu aliyefunga bao.

"Umepandishwa mshahara?" Mtanga akauliza kutoka chumbani.

"Hazijachanika!"

"Alhamdulillahi. Sasa tule."

Lakini kula ilikuwa shida nyingine. Nilikuwa napima. Nilinunua rula ya chuma ya kutumia jikoni tu, nikawa nalaza kila mkunjo pembeni yake kabla haujaingia kwenye mafuta. Zilizozidi nazifungua na kuzikunja upya. Na zikishatoka, nazikata katikati kuhakikisha zimeiva. Zote. Nilikuwa nakata ya kwanza, nakuta imeiva, halafu najiuliza kama ya pili nayo imeiva. Mtanga, ambaye alikuwa ndiye mlaji wangu mkuu, alikaa kitandani na sahani ya vipande.

"Chakula chenyewe kitamu," akasema. "Ila sijawahi kula kitu kilichofanyiwa upasuaji."

"Naangalia usalama wako."

"Mimi natembea juu ya nondo kila siku, ghorofa za kule juu. Sitauawa na kijiti cha nyama."

Wiki moja kabla ya siku yangu nilikaanga chache alfajiri, nikazitia kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko, nikampelekea ate aonje. Nilikuwa nimeshika bakuli lile kwenye basi la kampuni kama mtu aliyebeba mayai. Alifungua, akachukua moja, na kabla hajaiuma niliiona ikiinama. Ilikuwa imelowa. Mvuke ulikuwa umefungiwa ndani njia nzima.

Akatafuna. Niliangalia sakafu.

"Ladha ipo," alisema. "Ladha ipo kabisa. Lakini umezipeleka bafu la mvuke."

"Nitatoboa mfuniko."

"Hapana. Zilete mbichi, zimegandishwa, uzikaange hapa."

"Hapa? Mbele yao?"

"Kwani unazificha?"

Nililala vibaya wiki ile. Kukaanga nyumbani ni jambo moja, kuharibu unaharibu peke yako na Mtanga. Jikoni mwa karakana hakuna mlango. Kuna jiko la umeme lenye sahani mbili, sinki, na watu wanaopita kuchota maji siku nzima.

Siku ilipofika nilipanda basi na mfuko wa kuhifadhia baridi, lumpia zimelala ndani kwa safu, kila safu na karatasi yake. Kwa hofu tu ya kupungukiwa nilikuwa nimebeba na pakiti nzima ya manda na bakuli la mchanganyiko. Ate alikuja jikoni kabla ya saa ya chakula kutengeneza sosi ya siki na kitunguu saumu, hiyo alisema ni zawadi yake na nisibishane.

Nilitia mafuta, nikatupia kipande cha manda, kikapanda juu kikichemka. Yalla, haya twende, nikajiambia. Nikatia nyingi kwa pamoja. Zilikuwa baridi, mafuta yakapoa, na zikalala pale bila kutoa sauti, nyeupe, zikinywa mafuta. Nilihisi jasho kwenye kope. Watu wawili walipita na chupa zao za maji, wakaangalia, wakaangaliana. Nikazitoa zote, nikasubiri mafuta yapate moto tena. Nikarudisha chache. Zikaimba. Zikageuka njano, kisha rangi ile ya asali ninayoijua, nikazitoa nikazisimamisha kwenye chombo chenye karatasi, wima, kama penseli, ili mafuta yashuke na mvuke upande. Nyeupe zile nazo nikazirudia, na nazo zikafika.

Kisha mkono wangu ukachukua kisu.

"Weka chini," ate akasema bila kugeuka.

"Moja tu. Nione."

"Ziko nene kuliko kidole changu?"

"Hapana."

"Zimefika rangi?"

"Ndiyo."

"Basi unatafuta nini huko ndani?"

Nilisimama na kisu mkononi na nikaelewa kwamba nimeshafanya kila kilichotakiwa kufanywa, na kwamba kilichobaki ni kuogopa tu. Nikakiweka kisu kwenye sinki. Nikabeba trei ikiwa nzima, bila hata moja iliyokatwa, nikaiweka kwenye meza ndefu, nikasema, "Chakula tayari."

Nikarudi nyuma.

Kuya alifika kwa kuchelewa makusudi, nadhani. Watu walikuwa na sahani lakini walimsubiri. Akachukua moja kwa vidole, akaichovya kwenye siki, akauma. Ilitoa sauti. Sikuota, ilitoa sauti kavu, kama kuvunja kijiti, na mtu wa upande wa pili wa meza aliinua kichwa. Kuya alimaliza. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu, hiyo hakuichovya. Kisha akamgeukia ate.

"Umeamka saa ngapi kuzitengeneza?"

Meza ikacheka. Ate akainua mikono. "Sijagusa."

"Apa."

"Naapa. Nimetengeneza siki tu."

"Basi amenunua."

"Wapi?" mtu mwingine akadakia, mdomo umejaa. "Niambie hilo duka, nami niende."

Kuya akaniangalia. Sasa ilikuwa zamu yangu na nilijua. "Kunja moja," akasema. "Hapa. Tuone."

Niliwahi kuwaza mambo mengi mabaya yanayoweza kutokea siku ile, lakini hilo sikuliwaza. Nikaleta pakiti na bakuli. Wakasogeza sahani zao, wakanizunguka wakitafuna. Nikalaza fungu la manda mezani, pembe moja ikinielekea. Wakati nailaza manda ya juu nyuma ili iachane na ya chini, mmoja akasema, "Tazama, anaibandua kama stika!" na wote wakacheka, na kicheko hicho kilikuwa cha watu wanaojua stika. Nikaweka mstari wa nyama. Nikafunika, nikaikaza kwa nyuma, nikakunja masikio ya pembeni, nikaviringisha. Upande mmoja ulitoka umefura kuliko mwingine. Mikono yangu ikaanza kuifungua.

"We, we, we!" Kuya akanizuia. "Acha hivyo hivyo. Kaanga."

Nikaikaanga hivyo hivyo, wakinifuata jikoni wale walioweza kuingia. Kuya hakungoja ipoe. Aliiuma ikiwa inatoa moshi, akafungua mdomo na kupunga hewa kwa mkono, macho yakamtoka machozi, watu wakamzomea. Alipoweza kusema aligeuka na kuwatangazia walio nje, kama mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi:

"Khalas, kesi imekwisha. Ni zake."

Wakapiga meza. Wakapiga meza ile ya kukatia kwa viganja mpaka rula zikaruka. Mtu akaanza wimbo wa kuzaliwa, wengine wakaudaka kila mmoja kwa sauti yake, na nikiwa nimesimama na mwiko mkononi nilihisi kitu kifuani kinaachia, kitu nilichokuwa nimekibana tangu siku ile niliposema nitaleta lumpia, na pengine tangu nifike nchi hii.

Nikarudi mezani nile. Hapakuwa na kitu. Trei ilikuwa na karatasi yenye mafuta na kipande kimoja cha karoti. Nilimwona kuya akiingiza kitu kilichofungwa kwa tishu kwenye mfuko wa shati lake.

"Kuya, umeiba?"

"Ni za mke wangu." Mke wake ni mfanyakazi wa nyumbani huko Mirdif, na jioni ile madam, mwajiri wake, alikuwa amemruhusu atoke. "Nikimwambia kuna Mkenya anapika lumpia atasema nimelewa. Lazima aone."

"Sijaonja hata moja," nikasema.

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema ate, akanipa sahani ya wali mtupu na ile siki iliyobaki. Nikaketi nikala wali na siki, na sijawahi kula chakula kitamu hivyo.

Siku hizi, siku ya mtu ya kuzaliwa ikikaribia, ananitumia ujumbe kuniuliza kama niko huru Jumapili. Tunakutana nyumbani kwa ate, tunakaa kuzunguka meza, na mimi nakunja pamoja nao huku tukipiga soga. Hakuna anayenipa sahani kwanza. Bado nina wasiwasi na mambo mengi. Kulisha watu si mojawapo tena.